Kiatu cha Kijiana: Mkeka Mdomoni mwa Mama Susau

Fimbo iligonga mlango wa bati mara ya tatu.

"Toka," ilisema sauti ya Mama Susau. "Najua umo. Hakuna mtu anayeoga nusu saa bila maji kumwagika."

Ndani ya bafu la shangazi yake, Kijiana alijibana ukutani kama mjusi. Ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, gauni la kuhudhuria harusi ya binamu yake mwilini, kidole mdomoni, na nje watu wa nusu ya kisiwa cha Rotuma wanacheka. Alijua zamu yake ya kuchekwa imefika.

Kama umetukuta njiani, nikuambie upesi. Huyu ndiye Kiji, msichana wa miaka kumi na sita ambaye wimbo wake ulipigwa Suva, mji mkuu wa Fiji, mpaka kuku wakaujua. Miezi miwili nyuma alipanda jukwaani, ukumbi umejaa hadi milangoni. Katikati ya wimbo, kamba ya kiatu ikakatika. Akainama kukiokota, maiki ikamponyoka ikabingirika huko. Na sauti yake tamu ikaendelea kuimba kwenye spika, peke yake, bila kukosa hata pumzi moja.

Kesho yake Suva nzima ilikuwa inainama. Wauza samaki sokoni waliinama. Wanafunzi kwenye basi waliinama. Mtangazaji wa redio alianza kipindi kwa kusema, "Habari za asubuhi, na habari za kiatu." Mwoka mikate mmoja alitoa mkate wenye umbo la kiatu, ukaisha kabla jua halijapanda. Kijiana alipokimbilia kwao Rotuma, akashuka kwenye ndege akidhani amepona, katoto ka kike kasikomfikia hata kiunoni kalimtazama, kakavua kandambili, kakainama.

Wachache tu walijua kwamba siku ile koo lake lilikuwa limevimba, na meneja ndiye aliyemwambia afungue mdomo tu, mashine itaimba. Tangu hapo Kijiana hakuwa ameimba hata neno moja, wala kanisani. Alikuwa akiogopa kujaribu. Je, kama sauti imekwenda na maiki ile?

Na lilikuwepo jambo jingine lililomla. Video ya tukio lile, iliyosambaa kwenye simu za watu wote, ilipigwa kutoka pembeni, nyuma ya pazia, mahali pa watu wake wa karibu.

Fimbo ikagonga tena.

"Mama Susau, nakuomba," Kijiana alisema. "Leo nipite."

"Ndicho nilichokuja kukuambia. Nitakupita."

"Unasema?"

"Nitakupita. Sitakugusa, sitakutaja, sitakutania. Neno kiatu halitoki kinywani mwangu. Toka ukale, nguruwe anapoa."

Kijiana alifungua kamba ya mlango, akachungulia.

Siku za kawaida Mama Susau ni mjane mpole anayefagia kanisa. Hata wimbo wa ibada anauimba kwa kunong'ona. Lakini kukiwa na harusi, upande wa bibi harusi unampa fimbo, na tangu asubuhi mpaka chakula kiishe kazi yake ni kumtania kila mtu, na yeye ndiye serikali. Akimwambia chifu apige magoti, chifu anapiga. Anayemkatalia ni kama ametema mate kwenye sahani ya bibi harusi.

Leo alikuwa amejipaka poda uso mzima, amevaa koti la marehemu mumewe mbele nyuma, na masikioni ananing'iniza vifuniko viwili vya kopo la nyama. Begani alikuwa na mkeka mweupe uliokunjwa, laini kama kitambaa. Mkeka wa miezi mingi ya vidole vya mtu.

"Nimeletewa huu jana," alisema. "Nikaombwa nisiguse jambo la kiatu. Mkeka mweupe ukishatandikwa miguuni mwako huukatai, hata ukiwa mwendawazimu kama mimi."

Macho ya Kijiana yalijaa maji. "Shangazi yangu. Ana roho nzuri sana shangazi."

Mama Susau alifungua mdomo. Akaufunga. Akageuka akaenda zake, vifuniko vikilia masikioni.

Basi Kijiana akatoka. Akakaa chini ya turubai, kwenye mstari wa wanawake wa nyumbani, kando ya shangazi yake Aralai, mama wa bibi harusi. Mbele yao, juu ya rundo la mikeka, alikaa binamu yake Mijieli, aliyekuwa kwake kama dada wa tumbo moja, nyumbani hata Suva. Mikono yake imepakwa manjano mpaka viwikoni, na bwana harusi Aisea yuko kando anatoka jasho kwenye tai.

Na fimbo ikaanza kazi.

"Chifu," alisema Mama Susau. "Hicho kiti kimekukosea nini? Kiache kipumue. Nenda kawapepee nguruwe."

Chifu Taimanav, mtu wa kilo mia na ishirini, aliinuka akachukua jani la mnazi akaenda kuwapepea nguruwe waliokwisha kuiva.

"Sajini. Wewe tangu ufike kisiwani hujamkamata mtu. Mkamate yule jogoo, ana kelele."

Sajini alimfukuza jogoo mpaka nyuma ya matangi ya maji. Alirudi bila jogoo na bila kofia.

"Mchungaji, hicho kilicho shavuni ni neno la Bwana au ni paja? Hubiri basi, tusikie."

Kisha akaugeukia upande wa bwana harusi. "Mama Aisea, kijana mwenyewe ndiyo huyu? Tumfunge kwenye nguzo kabla upepo haujaja?"

Watu walikuwa hoi. Na kila aliyepigwa na ulimi ule alitoka uso unang'aa, wanawake wakamkimbilia kummwagia poda kichwani na marashi shingoni, kama mtu aliyeshinda mbio. Mwanamke mmoja aliyeambiwa kwamba akicheka meli zinadhani zimefika bandarini alijisogeza karibu ili aambiwe tena.

Mstari kwa mstari, fimbo ikaja. Ikafika kwa Aralai.

"Aralai kapika leo," alisema Mama Susau. "Mbwa wake wamefunga safari kwenda kula kwa jirani."

Aralai alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga yake. Aliyefuata alikuwa Kijiana. Fimbo ilipaa juu ya kichwa chake, upesi, kama inavuka dimbwi, ikatua kwa mzee wa upande wa pili.

Kijiana alishusha pumzi. Alifurahi. Furaha hiyo ilidumu kiasi cha kumeza tonge moja la magimbi.

Kwa maana wanawake walikuwa wanamtazama. Hawakucheka. Mmoja alimsogezea kipande kizuri cha nyama, taratibu, kama anamwekea mtu aliyelala.

"Kula, mama," alisema. "Pole."

Lile pole likamwingia. Kijiana akaanza kuangalia ni nani wengine waliorukwa. Alirukwa mzee aliyepooza upande mmoja. Alirukwa mama aliyezika mume wiki tatu nyuma. Alirukwa fundi mgeni aliyeletwa kutengeneza mnara wa simu, ambaye hakuelewa hata kwa nini watu wanacheka.

Na yeye. Kwenye harusi ya dada yake, nyumbani kwao, wamemweka fungu moja na mgonjwa, mfiwa na fundi wa mnara.

Suva walimcheka, lakini angalau walimwona.

Aliinamia sikio la shangazi yake. "Shangazi, kwa nini ulimpa mkeka?"

"Mkeka gani?"

"Ule mweupe. Uliomletea Mama Susau anipite."

"Mimi?" Aralai aliacha kutafuna. "Mwanangu, mikeka yangu myeupe yote kaikalia bibi harusi. Na mmoja umepotea tangu jana, namshuku mama Aisea. Ningekuwa na wa kugawa, ningempa Susau awaache mbwa wangu."

Si shangazi. Nani basi?

Kijiana aliinua macho, na macho yake yakaangukia kwa Hiagi.

Hiagi, mpambe wa bwana harusi, amevaa miwani myeusi. Ndiye aliyekuwa fundi wa mitambo ya sauti kule Suva. Ndiye aliyekuwa nyuma ya pazia usiku ule, karibu kabisa na pale video ilipopigwa. Na sasa, alipoona Kijiana anamtazama, akageukia bakuli lake kama mtu aliyepoteza pete ndani ya mchuzi.

Kijiana akajumlisha mwenyewe. Kumbe ni huyu. Kanipiga picha, kaieneza, kisha kaona haya, kaleta mkeka ili yasizungumzwe. Mkeka kaiba wapi, atajua mwenyewe.

Akavua kiatu.

Aralai alimshika gauni. "We mtoto, unaenda wapi? Kaa."

Hakukaa. Alitembea mguu mmoja na kiatu, mguu mmoja peku, mpaka katikati ya uwanja kwenye jua. Magitaa yakanyamaza moja baada ya jingine. Akakitupa kiatu mbele ya miguu ya Mama Susau.

"Umeniruka," alisema.

Mama Susau alikitazama kiatu. Akamtazama Kijiana. Kisha akautoa mkeka begani, akauzungushia kidevuni hadi utosini kama mtu anayeumwa jino, akaufunga fundo. Akaonyesha kidole mdomoni, akatikisa kichwa: haiwezekani, kumefungwa.

Watu wakacheka kidogo, kwa tahadhari.

Lakini mkeka ulifunga mdomo tu. Fimbo hakuna aliyeifunga.

Fimbo ikainuka polepole. Ikamwonyesha Chifu Taimanav. Ikaonyesha kiatu.

"Mimi?" alisema chifu, jani la mnazi bado mkononi.

Fimbo haikutikisika.

Chifu alikuja katikati ya uwanja. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akashika goti, akainama. Mshono wa nyuma wa suruali yake ulilia kwa sauti iliyofika jikoni.

Hapo tahadhari ikaisha. Fimbo ikamvuta mchungaji, ikamsukumia chini ya meza. Ikamwinua sajini, ikampachika mwiko mkononi uwe maiki. Mchungaji akaelewa kazi yake. Kutoka chini ya meza, kwa sauti nzito ya kutetemesha sahani, akaanza kuimba wimbo wa Kiji, ule wa msichana anayemsubiri mpenzi dirishani. Sajini akafungua na kufunga mdomo, kope zinapigapiga, kiuno kinakwenda. Kila sajini alipofunga mdomo, mchungaji aliendelea. Kila mchungaji alipokohoa, sajini alibaki kinywa wazi kama samaki.

Mama Aisea alianguka ubavu. Fundi wa mnara alicheka pia, sasa ameelewa.

Na Kijiana, msomaji wangu, alicheka. Ilianza puani, ikashuka kifuani, ikamkunja. Miezi miwili ilitoka pale.

Alipoinua kichwa, fimbo ilikuwa imemwelekea yeye. Kooni.

Mchungaji alitoa kichwa chini ya meza aone kulikoni.

Kijiana alimsogelea Mama Susau akaanza kufungua fundo la mkeka.

"Aliyekupa hakuniuliza mimi," alisema. "Kiatu ni changu. Sema."

Mkeka ulipoachia, Mama Susau alizungumza kwa ile sauti yake ya kufagia kanisa, hata wa mstari wa mbele hawakusikia.

"Nikianza, mwanangu, sitaishia kwako. Fimbo hii ikianza jambo inalifikisha mwisho. Bado unataka?"

Kijiana alimtazama Hiagi na miwani yake. "Nataka. Ifike kote."

"Haya." Akageukia watu, sauti ikarudi kuwa tarumbeta. "Jamani, mashine imekufa. Imekula nguruwe kupita kiasi. Sasa wewe msichana wa Suva, tuimbie kwa hicho ulichozaliwa nacho. Ukilia kama mbuzi, utalala na mbuzi."

Kijiana alifumba macho. Akafungua mdomo.

Kilichotoka kilikuwa kama bawaba ya mlango wa zamani.

"Mbuzi," alisema chifu, kiatu kwapani.

Kicheko kikapasuka. Kijiana naye akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomfungua koo, maana alipoanza tena sauti ilikuja. Haikuwa ile ya kwenye redio. Ilikuwa chini zaidi, ina mkwaruzo, kama imelala kwenye mchanga. Lakini ilipofika mstari wa pili ilikuwa imesimama kwa miguu yake. Wanawake wa nyumbani wakaingia na sauti zao za pili na za tatu, vile wanavyoingia mwezi wa Desemba wakizunguka nyumba kwa nyumba, bila kuangaliana, bila kuulizana.

Akamaliza. Wote walikuwa wanamngoja Mama Susau.

Mama Susau alijikuna kwa fimbo. "Hm," alisema. "Sauti ndogo. Kiatu kikubwa."

Poda ilimwagika kichwani kwa Kijiana kutoka mikono sita kwa mpigo. Marashi yakaingia hadi jichoni. Aralai alimkumbatia akimwita mbuzi wangu, mbuzi wangu wee, na yule mwanamke wa pole akamnyang'anya kile kipande kizuri cha nyama akakila mwenyewe.

Ningependa kuwaacha hapo. Lakini ile fimbo haikuwa imeshuka.

"Kaeni," alisema Mama Susau.

Wakakaa.

"Aliyeinama tumemwona. Aliyeimba tumemsikia. Bado mtu mmoja." Alizunguka polepole, koti la mumewe likifagia majani. "Siku ile mtu alisimama nyuma ya pazia, akaelekeza simu yake, akapiga picha, akaisambaza. Watu wa nyuma ya pazia lile wako hapa leo, wamekula chakula cha harusi hii. Aliyepiga picha ainue mkono. Ni amri ya fimbo."

Vichwa vyote viligeuka kumtazama Hiagi. Kijiana alikuwa wa kwanza.

Hiagi alivua miwani. Mikono yake ilibaki magotini.

"Si mimi," alisema.

"Inua mkono, Hiagi," alisema Kijiana. "Usiitemee mate sahani ya dada yangu."

"Kiji, si mimi. Usiku ule mikono yangu miwili ilikuwa kwenye mashine. Wewe mwenyewe uliniona." Akaikunja miwani. "Sikutaka niwe wa kusema."

Na Kijiana akagundua kwamba Hiagi hamtazami yeye. Anatazama juu ya bega lake, nyuma yake, kwenye rundo la mikeka.

Rundo ambalo mkeka wake mmoja ulipotea jana.

Kijiana hakugeuka. Alikumbuka usiku ule, vitu vidogo vidogo. Nani alimshikia mkoba. Nani alisema vaa viatu hivi vyeupe, vinakupendeza. Nani alipiga goti mbele yake dakika ya mwisho, akamfunga kamba ya kiatu, akampiga kofi la utani mguuni akisema haya, nenda kawaue.

Nyuma yake alisikia gauni likichakacha. Akasikia bakuli la shangazi Aralai likianguka. Akamsikia Aisea, mume wa saa tatu tu, akisema kwa sauti ndogo, "Mijieli, shusha."

Akageuka.

Mkono ulikuwa juu, wa manjano mpaka kiwikoni, na pete ya asubuhi ile inamemeta kidoleni. Bibi harusi alikuwa analia, lakini hakuushusha.

"Mama Susau," alisema Mijieli, "niulize na habari ya kamba."